Natamani kuwa mnasihi wa waraibu wa dawa za kulevya: nianzie wapi, na je, asiyewahi kutumia anaweza kuaminiwa?

Binti_Ustawi (Tanga)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za kazi.

Mimi ni afisa ustawi wa jamii katika hospitali moja ya wilaya, nina shahada ya kwanza na miaka mitatu kazini. Sehemu kubwa ya siku yangu huishia kwenye misamaha ya gharama za matibabu, watoto waliotelekezwa na mashauri ya matunzo, lakini tangu mwaka jana zimekuwa zikija familia zinazowaleta vijana wao wanaotumia heroini, baadhi wakiwa wamefungwa kamba mikononi kana kwamba wamekamatwa na mbuzi wa watu, na mimi sina cha kuwapa zaidi ya maneno ya kuwatia moyo na barua ya rufaa. Wengi hawafiki huko ninakowaandikia.

Wiki mbili zilizopita niliketi na kijana wa rika langu. Nilimweleza madhara ya heroini kwa mpangilio, kama nilivyofundishwa darasani: moyo, mapafu, VVU, homa ya ini. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Dada, wewe umewahi kulala na arosto hata usiku mmoja?" Alimaanisha mateso ya mwili uliokosa dawa uliyoizoea. Nilikosa jibu, akaaga, na hajarudi.

Nimeamua kwamba hii ndiyo kazi ninayotaka kuifanya, lakini sitaki kuifanya kwa kubahatisha. Ninaomba wenye uzoefu wanieleze mafunzo yanapatikana wapi kwa mtu mwenye elimu kama yangu, kazi yenyewe ikoje siku hadi siku, na hasa ningemjibu nini kijana yule. Nimesikia watu wakisema kwamba kazi hii inawafaa tu wale waliowahi kutumia wakaacha, na sijui niliamini neno hilo kwa kiasi gani.

---

Mnasihi_wa_Kliniki (Dar es Salaam)

Dada yangu, habari ya Tanga. Mimi nina miaka tisa katika kliniki ya methadoni, dawa anayopewa mraibu badala ya heroini, hapa Dar es Salaam, na niliingia kwa mlango kama wako, yaani ustawi wa jamii, kwa hiyo nitaanza na mafunzo kisha nifike kwenye lile linalokusumbua.

Kwa uzoefu wangu, hapa Tanzania hakuna mlango mmoja ambao juu yake pameandikwa "mnasihi wa waraibu". Wengi wetu ni wauguzi, maafisa ustawi, wanasaikolojia au madaktari waliojifunza fani hii baada ya kupata taaluma nyingine. Shahada yako inatosha kuwa msingi. Baada ya hapo, mafunzo ninayokushauri uyatafute ni yale yanayofuata mtaala wa UTC (Universal Treatment Curriculum), yaani mtaala wa kimataifa wa tiba ya uraibu, ulioandaliwa chini ya Colombo Plan, shirika la serikali kadhaa lenye makao yake Sri Lanka. Ngazi yake ya awali ina masomo manane, yakiwemo namna dawa zinavyofanya kazi katika ubongo, stadi za msingi za unasihi, tathmini na uandishi wa mpango wa tiba, magonjwa ya akili yanayoambatana na uraibu, kumhudumia mtu aliye katika hali ya hatari, na maadili ya kazi. Ukiyamaliza na ukawa na uzoefu unaotakiwa, unaweza kufanya mtihani wa kimataifa wa wataalamu wa uraibu unaojulikana kama ICAP. Ukitaka kwenda mbali zaidi, Muhimbili wana shahada ya uzamili ya saikolojia tiba, ambayo haihusu uraibu peke yake, lakini mtu aliyeipitia unamtambua kwa namna anavyouliza maswali. Kuhusu mshahara sitakaa sana: ni ule wa kada yako, usitarajie kwamba uraibu utauongeza.

Sasa kazi yenyewe. Tiba ya methadoni ilianza Muhimbili mwezi Februari mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na leo ipo pia katika mikoa mingine kama Dodoma, Mwanza na Mbeya. Mteja anakuja kila siku, anafika dirishani, anakunywa dawa yake ya maji mbele ya mhudumu, anaondoka. Anayeianza hupewa kiasi kidogo, kwa kawaida kisichozidi miligramu 30, kisha kinapandishwa taratibu, kwa sababu methadoni hukaa mwilini muda mrefu na hujilimbikiza. Siku za mwanzo ndizo zenye hatari kubwa, na ndizo ambazo mteja analalamika zaidi kwamba dawa haimtoshi. Mnasihi si yule anayepima dozi, lakini ni yule ambaye mteja humpitia kulalamika, na namna anavyoyapokea malalamiko hayo ndiyo kazi yenyewe.

Nitakupa mfano ambao sijivunii. Katika mwaka wangu wa pili nilikuwa na mteja aliyetulia kwa miezi mingi, amerudi kwao, ameanza kuuza samaki. Ghafla akaanza kuja asubuhi akipiga miayo, makamasi yanamtoka, vinyweleo vimesimama, na kila siku anasema dozi imepungua nguvu. Nilimwona mwongo. Niliandika kwenye faili lake kwamba anatafuta kuongezewa dawa, na nikatumia vikao viwili kumhoji kama amerudi kijiweni. Muuguzi mmoja mtulivu ndiye aliyemuuliza swali ambalo mimi sikuliuliza: je, kuna dawa nyingine unayotumia? Alikuwa ameanzishiwa dawa za kifua kikuu katika kituo kingine, na miongoni mwake mna rifampisini, ambayo hulifanya ini liivunjevunje methadoni haraka kuliko kawaida. Yule mtu alikuwa na arosto ya kweli huku akinywa dozi yake kamili kila siku. Daktari alimpandishia, akatulia ndani ya siku chache, na tukaandika kwa wino mwekundu kwamba atakapomaliza dawa za kifua kikuu methadoni ishushwe tena taratibu, maana kile kiasi cha juu kingeweza kumdhuru baada ya rifampisini kutoka mwilini. Kinachoniuma hadi leo si kwamba sikuijua rifampisini, kwa kuwa hilo lilikuwa jambo la kusoma, bali ni kwamba sikuuliza.

Hapo ndipo ninapofikia swali la kijana wako. Mwanasaikolojia wa Marekani, William Miller, alianza kuandika mwaka 1983 kuhusu namna ya kuzungumza na wanywaji ambayo leo inafundishwa karibu kila mahali, ile ya kuamsha nia iliyomo ndani ya mtu mwenyewe badala ya kumsukuma. Mwaka 1993 yeye na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba kadiri mnasihi alivyombana na kumbishia mteja, ndivyo mteja huyo alivyokuwa anakunywa zaidi mwaka mmoja baadaye. Wewe hukumbishia yule kijana, lakini ulimweleza mambo ambayo anayajua kuliko wewe. Kuhusu mapafu yake na homa ya ini, tayari amewazika marafiki. Swali lake halikuwa tusi, na jibu lilikuwa fupi: "Hapana, sijawahi. Niambie unavyokuwa usiku ule." Kisha ukanyamaza, ukamwacha aseme, hata kama kimya kingechukua dakika nzima.

---

Pwani_ya_Nafuu (Unguja)

Assalaam alaykum nyote. Mimi ni katika wale waliotumia wakaacha. Nina miaka kumi na moja sijatumia, na kwa miaka saba katika hiyo nimekuwa nikifanya kazi katika nyumba ya upataji nafuu, au soba hausi kama tunavyoita wenyewe. Kwa hiyo swali la kama asiyewahi kutumia anaweza kuaminiwa nimeulizwa mara nyingi, na kila mara aliyeniuliza alitaka nimwambie hapana.

Ni kweli kwamba sisi tuna kitu ambacho chuo hakikitoi. Kijana anapoletwa siku ya kwanza, akiwa amejikunja, anatapika, miguu inarusha teke yenyewe, mimi najua kwamba saa za mwanzo zinatisha kwa kile kinachokuja, kwamba siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya zaidi, na kwamba kiasi cha wiki moja mwili utatulia ingawa usingizi utachelewa kurudi. Naweza kukaa naye nikamwambia hivyo, naye akanitazama akaona mtu aliyepita hapo na bado anapumua. Katika mikutano yetu ya hatua kumi na mbili, ile ya waraibu kusaidiana wenyewe kwa wenyewe, hakuna anayejifanya mwalimu, kila mmoja anasimulia yake, na kwa wengi wetu mikutano hiyo ndiyo iliyotushika pale familia zilipokuwa zimechoka.

Lakini nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawalipendi. Mimi niliacha bila methadoni, kwa hiyo kwa miaka yangu miwili ya mwanzo kazini niliamini kwamba anayekunywa methadoni bado anatumia, amebadilisha tu muuzaji. Nilimwambia hivyo kijana mmoja aliyekuwa akiendelea vizuri na tiba yake. Aliniamini kwa sababu ile ile niliyoisema hapo juu, kwamba mimi nilikuwa nimepita, naye akaiacha dawa kimyakimya. Alikaa wiki kadhaa akiwa safi, nasi tukamsifu mbele ya wenziwe. Siku aliyorudi kutumia alichukua kiasi alichokizoea zamani, na mwili uliokaa muda bila kitu hauwezi tena kukibeba kile ulichokuwa unakibeba. Tulimzika Ijumaa.

Baada ya hapo ndipo nilipokwenda kusoma, na katika darasa la mwanzo kabisa nikafundishwa kuhusu mwili kupoteza uzoefu wa dawa, jambo ambalo mtaani kila mtu analijua kwa hadithi lakini hakuna aliyewahi kunieleza kwa nini. Wapo wanaoacha bila dawa, wapo wanaohitaji methadoni kwa miaka mingi, na si kazi ya mnasihi kuchagua njia kwa kufuata iliyomfaa yeye. Wewe dada hutakuwa na kishawishi hicho, kwa kuwa huna njia yako ya kumlazimisha mtu, na hilo ulihesabu kuwa ni faida.

Neno moja dogo. Utayasikia maneno ya kijiweni: kete, kokteli, arosto, maskani. Jifunze kuyaelewa, lakini usiyavae. Wao wenyewe huitana mateja na wakacheka. Likitoka kinywani mwako, ni tusi.

---

Mshauri_wa_Pwani (Mombasa)

Hamjambo ndugu zetu wa Tanzania. Nimesoma kwa makini, nami nitaongeza mawili kutoka upande huu wa mpaka.

Kwanza ni sheria. Huku Kenya tuna Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyoweka bodi ya kuwasajili watu wa kazi hii, na vituo vya tiba na urekebishaji vinahitaji kibali cha NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Ikiwa siku moja utafikiria kuja kusoma au kufanya kazi huku, uliza kwanza kama kozi unayotaka kulipia inatambuliwa, kwa sababu matangazo ya diploma za ushauri nasaha ni mengi na si zote zitakazokufikisha kwenye usajili. Tiba ya methadoni ilianza kwetu mwaka 2014 katika hospitali ya Mathari, Nairobi, kisha ikafika pwani, Malindi na hapa Mombasa, kwa hiyo mafunzo ya vitendo yapo karibu na Tanga kuliko unavyodhani.

Pili, na hili ndilo lililonifanya niandike, naona mazungumzo yote ni ya heroini, ilhali mtu atakayekujia mara nyingi zaidi huenda akawa ni mzee wa heshima anayekunywa mnazi au gongo tangu alfajiri na ambaye hakuna anayemwita mraibu. Arosto ya heroini humtesa mtu vibaya sana lakini mwenye mwili usio na ugonjwa mwingine kwa kawaida huivuka. Ya pombe inaweza kuua. Mnywaji wa kila siku anayekatishwa ghafla anaweza kupata degedege ndani ya siku mbili za mwanzo, na kati ya siku ya pili na ya nne akaanza kuweweseka, kuona vitu visivyokuwapo, kutetemeka na kuwa na homa. Familia hudhani ni mapepo au ni ulevi unaomtoka, wakamfungia chumbani na maji ya kunywa. Huyo anahitaji hospitali, dawa za kumtuliza na vitamini B1, na wewe ukiwa afisa ustawi ndiye utakayewaambia ndugu wafungue mlango.

Jifunze kutumia dodoso la AUDIT la Shirika la Afya Duniani. Lina maswali kumi, alama zake zinaanzia 0 hadi 40, na kuanzia 8 unajua kwamba unywaji huo umefika pa kutiliwa shaka. Huhitaji kuwa mtaalamu ili kuanza kulitumia kesho, na utashangazwa na watu watakaofika 20 wakiwa wamekuja kwako kwa shauri la ndoa.

---

Binti_Ustawi (Tanga)

Ninawashukuru sana, na nimeyasoma majibu haya zaidi ya mara moja. Kaka wa Unguja, pole kwa yaliyokufika, na asante kwa kuyasema.

Kuna jambo ambalo sikulisema mwanzo kwa sababu nililionea aibu. Mdogo wangu wa kiume anatumia. Ni miaka minne sasa, na mama anaamini kwamba nikishasomea jambo hili nitakaa naye mimi mwenyewe nimtibu nyumbani, na kusema kweli hata mimi nimekuwa nikijipangia hivyo. Je, hilo ni kosa? Na je, mtu aliyeingia katika kazi hii kwa sababu ya ndugu yake anaweza kuifanya vizuri?

---

Muuguzi_Mstaafu (Dodoma)

Marahaba mwanangu. Nimefanya kazi ya uuguzi wa afya ya akili kwa zaidi ya miaka thelathini, na karibu kila mnasihi wa uraibu niliyemfahamu alikuwa na mtu wake nyuma ya kazi hiyo: baba, mume, kaka, au yeye mwenyewe. Kwa hiyo usione aibu, umo katika kundi kubwa.

Lakini usimtibu mdogo wako. Sikukatazi kwa sababu ya kanuni peke yake, ingawa kanuni ipo na utaikuta katika somo la maadili. Nakukataza kwa sababu mteja anahitaji mtu ambaye anaweza kumwambia, "Jana nilitumia," bila habari hiyo kufika jikoni kwa mama jioni. Wewe ukiisikia, huwezi kuisikia kama mnasihi, utaisikia kama dada uliyempa nauli ya asubuhi. Naye anajua, kwa hiyo atakuficha, na atakapokuficha utaanza kumpekua mifuko, na kuanzia hapo hakuna tiba, kuna ugomvi wa nyumbani ambao mmoja wenu ana cheti. Nimeliona hili kwa mwenzangu mmoja kazini, mtu hodari sana, ambaye alimhudumia shemeji yake kwa miezi sita na mwishowe alipoteza vyote viwili, mteja na undugu.

Ulilouliza la pili, jibu lake liko katika neno ambalo sijaliona katika majibu ya wenzangu, nalo ni usimamizi wa kitaaluma. Sizungumzii bosi anayesaini mahudhurio. Nazungumzia mnasihi mwenye uzoefu kuliko wewe, ambaye mnakutana naye angalau mara mbili kwa mwezi, unamletea wateja wako bila kutaja majina, na unamwambia ukweli kuhusu hasira, huruma na uchovu wako. Utakapopata mteja mwenye sura au sauti ya mdogo wako, na utampata, utajikuta unampa muda zaidi ya wengine, au unamkaripia kwa kosa ambalo mwingine ungemsamehe. Hutaliona wewe. Msimamizi ataliona, kwa sababu jina la mteja huyo, hata likifichwa, litajitokeza katika kila mazungumzo yenu. Unapotafuta mahali pa kufanyia mafunzo ya vitendo, swali la kwanza kuuliza liwe ni nani atakayekusimamia na kwa saa ngapi, kabla hujauliza kuhusu posho wala cheti. Mahali wanapokujibu kwamba mtasaidiana tu, endelea kutafuta.

Kuhusu mama, kaa naye umweleze wazi kwamba mdogo wako atapata mnasihi mwingine, na kwamba huyo hatakuletea habari zake wala wewe hutaziulizia. Mwambie pia ishara za mtu aliyezidisha dawa: anakoroma kwa namna isiyo ya kawaida au anapumua kwa nadra, midomo inageuka rangi, ukimwita haitiki. Amlaze ubavu, asimwache peke yake, na atafute gari la hospitali badala ya kummwagia maji. Hilo ni jambo la dada kumfundisha mama, nawe unalo tayari bila kusubiri kozi yoyote.

Na ikitokea umepangiwa kazi katika kliniki ile ile anayokwenda, mwambie mkuu wako siku hiyo hiyo, faili lake liwe kwa mwingine na usiliguse hata kwa kulipanga kabatini. Siku utakayokutana naye koridoni amekuja kunywa dawa yake, msalimie kama unavyomsalimia nyumbani, kisha endelea na safari yako.